Rivolva ya Mkono wa Rukia

(Kutoka daftari langu la safari za Guangzhou. Nimeinakili kama nilivyoiandika siku ile, sikugusa kitu.)

Jumapili, Machi 1998

Leo hewa imelowa. Mvua hainyeshi, lakini kuta za chumba zinatoka jasho, shati nililofua juzi bado bichi, na kalamu inakwama kwenye karatasi. Wenyeji wanafunga madirisha, wanasema ndivyo msimu huu ulivyo kila mwaka. Mimi langu nimeliacha wazi. Nimekaa kitandani, kifundo cha mkono wa kulia kinauma, na vidole vinanuka baruti ambayo sabuni ya hoteli imeshindwa kuiondoa.

Leo nimepiga bastola kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nieleze tangu mwanzo. Nikirukaruka nitajidanganya, kama ninavyojidanganya tangu mwaka jana.

Alhamisi nilipokea faksi hapa hotelini kutoka kwa mwenye duka la silaha kule Dar. Kibali changu kimepita. Amenipangia rivolva tatu ambazo mfuko wangu unaziweza, zote zimeshatumika, nichague moja anihifadhie. Ya kwanza ya Kibrazili, mtutu mfupi, nyepesi, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Ya pili ya Kimarekani, kongwe, mtutu wa inchi nne, nzito, risasi zake za pointi thelathini na nane sawa na ile ya kwanza. Ya tatu ya Kijerumani, inayopiga risasi ndogo za pointi ishirini na mbili. Ameandika kwamba watu wa klabu ya shabaha wanaipenda hiyo kwa sababu risasi zake ni rahisi, mtu anaweza kufanya mazoezi kila wiki bila kufilisika, lakini kwa kujilinda hawezi kuniahidi makubwa. Chini kabisa ameongeza kwa mkono: "Kwa mtu asiyeshika silaha kila siku, chukua rivolva. Haikwami, na haina kitasa cha kusahau kukifungua."

Nimeisoma faksi hiyo mara nyingi hadi imepauka kwenye mikunjo. Swali langu lilikuwa moja tu: ipi inafaa mkono wa Rukia?

Rukia ni mke wangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na vidole vyake ni vidogo hata pete ya ndoa ilibidi sonara aipunguze mara mbili. Tunaishi Magomeni pamoja na mama yangu. Mimi ndiye wa kwenda na kurudi, biashara ya mashati na viatu vya shule, miezi miwili huku, mwezi kule.

Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, majambazi waliingia kwetu alfajiri. Mama alikuwa ameamka kwa ajili ya sala. Alifungua mlango wa uani kuchota maji ya kutawadha, wakawa wameshasimama pale, wanne, na mapanga. Walimpiga Mama kofi. Walimfunga Rukia mikono kwa waya wa pasi. Walichukua televisheni, dhahabu ya harusi na redio, na kabla ya kuondoka mmoja wao, mwenye kofia, alikaa kwenye kiti changu akanywa chai iliyobaki kwenye chupa. Hilo la chai ndilo Rukia alilonisimulia kwanza. Sikujua kwa nini. Nadhani sasa naanza kujua.

Mimi sikuwepo. Watu wote wanalijua hilo, na hakuna aliyenilaumu. Mtu yuko China anatafuta riziki, ungemlaumu kwa lipi?

Lakini kuna jambo sijawahi kuliandika popote, na leo naliandika.

Nilitakiwa niwe nimesharudi. Mzigo wangu ulikuwa umeondoka Ijumaa. Tiketi yangu ilikuwa ya Jumamosi usiku. Nilimpigia Rukia nikamwambia mzigo umechelewa, nitakuja baada ya siku tatu. Kisha nikabaki hapa hapa, mtaa wa Xiaobei, katika hoteli kama hii, nikalala. Sikuwa na mwanamke. Sikuwa na biashara. Nilikuwa nimechoka, na nyumbani Mama alikuwa anaumwa miguu na anaita kila baada ya nusu saa, na paa linavuja, na kila jamaa ana shida yake ya kunieleza. Nilitaka siku tatu ambazo hakuna mtu anayeniita jina langu. Nilikula tambi za nyama kwa Waislamu wa pale kona, nikalala mchana, nikaangalia televisheni nisiyoielewa lugha yake.

Walivamia siku ya pili ya hizo tatu.

Baada ya hapo nilikaa nyumbani hadi Idi ikapita. Nikaweka nondo madirishani. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda polisi, nikajaza fomu za silaha, nikahojiwa, nikapigwa picha. Kila mtu aliniona mwanaume anayejali familia yake. Rukia alikuwa ananiangalia tu. Nilimwambia nitamtafutia rivolva nzuri, ndogo, ya kumtosha. Akasema, "Haya." Nikaichukua hiyo haya kama kibali chake.

Sasa turudi leo.

Jana nilimweleza Mama Zuhura habari ya faksi. Mama Zuhura ni mwenyeji wa Tanga, ana duka la mapazia Kariakoo, na kwa sisi wachache tunaokuja huku ndiye mkubwa wetu. Ananiita mdogo wangu. Ana mwili mdogo kama wa Rukia. Ujanani alipita jeshini kwa mujibu wa sheria, akajifunza kulenga, na mpaka leo anasimulia habari za kuruti kama wengine wanavyosimulia harusi. Alisema nje ya mji kuna uwanja wa shabaha ambao mgeni akionyesha pasipoti anaruhusiwa kupiga, analipia risasi moja moja. Nikamwomba anisindikize, ashike zile bastola kwa niaba ya mkono wa mke wangu. Alifikiri kidogo, akakubali.

Tulikwenda kwa teksi baada ya sala ya adhuhuri. Ni ukumbi mrefu kama ghala, umejaa harufu ya moshi na mafuta ya mashine. Msimamizi wa pale ni mzee wa Kichina mwenye mgongo ulionyooka kama aliyewahi kuvaa sare. Mama Zuhura akamwita laoban, bosi, kama tunavyowaita wenye maduka wote, na yule mzee hakupenda. Alitupatia vifuniko vya masikio. Kila bastola imefungwa mnyororo mfupi kwenye meza, ili isigeuzwe kumwelekea mtu. Risasi anapakia yeye mwenyewe, kisha anasimama nyuma yako, kiganja chake karibu na bega lako.

Hawakuwa na zile zile za kwenye faksi, lakini walikuwa na zinazofanana nazo: fupi, ndefu na ile ya risasi ndogo.

Mama Zuhura alianza na ile fupi. Risasi ya kwanza ilikwenda juu, sijui wapi. Ya pili vilevile. Akaiweka mezani, akajisugua kifundo cha mkono, akasema ikiwa nyepesi hivyo mshindo wote unaubeba wewe. Ile ndefu ilitulia zaidi kwa sababu ya uzito wake, ila triga yake ilikuwa ngumu, akailazimisha kwa vidole viwili, na mtutu ukayumba kabla risasi haijatoka. Alipofika kwenye ile ndogo alipiga zote sita bila kupepesa, na matundu yakakaa pamoja kama vifungo vya shati. Akanyanyua kichwa akatabasamu, na kwa sekunde moja nilimwona msichana wa jeshini.

Nikasema moyoni, basi, ya Kijerumani. Kazi imekwisha. Tungeweza kuondoka wakati ule.

Lakini nikasema na mimi nijaribu.

Karatasi ya shabaha ina picha ya mtu, kivuli cheusi kuanzia kiunoni kwenda juu, hana uso. Nilishika ile ndefu. Nilidhani nitaaibika. Nilivuta triga nikaona tundu limetokea kifuani mwa yule mtu. Nikavuta tena. Ilinirusha mkono, masikio yakavuma licha ya vile vifuniko.

Nilifurahi.

Naandika hivyo hivyo, sitaki kulipamba. Nilimpa yule mtu asiye na uso kofia ya yule aliyekunywa chai kwenye kiti changu, nikampiga. Nikanunua risasi nyingine. Nikampiga tena. Yule mzee alinishika bega mara mbili kunizuia haraka, na mara ya tatu akasema "bu xing", haiwezekani, lile neno tunaloambiwa sokoni tukiomba bei ishuke, akaninyang'anya bastola kwa utaratibu, akafungua silinda, akamwaga maganda kwenye bakuli. Nilikuwa natoka machozi. Nilimwambia Mama Zuhura ni moshi.

Tulikaa nje kungoja teksi. Pale pana mama anauza chai kwenye vikombe vya bati. Mama Zuhura alikunywa nusu kikombe, kisha akaniuliza kibali kimeandikwa jina la nani.

Langu, nikamwambia.

Akauliza nikiwa huku China, bastola inakaa wapi.

Nikafungua mdomo nijibu, nikakumbuka. Afisa aliyenihoji alinisomea masharti, na moja lilikuwa hili: ukisafiri nje ya nchi, silaha unaikabidhi kituoni hadi urudi. Nilitikisa kichwa kukubali, nikatia saini. Nilitikisa kichwa kwa yote aliyoyasoma.

Maana yake ile rivolva ya mkono wa Rukia ingekuwa nyumbani siku ambazo mimi nipo nyumbani tu. Siku ambazo sipo, ndizo siku zenyewe, ingekuwa kwenye kabati la polisi.

Mama Zuhura hakunicheka. Alimalizia chai yake akasema, "Mdogo wangu, hiyo unajinunulia wewe. Si vibaya. Lakini usimtwishe mkeo."

Teksi ikaja. Nilimwomba dereva anishushe kwenye duka la simu. Hapa ilikuwa saa kumi na moja jioni, Dar saa sita mchana, nilijua Rukia yuko nyumbani Jumapili. Niliingia kibandani, nikafunga mlango wa kioo, nikapiga.

Alipokea yeye. Nikamsalimu, nikauliza hali ya Mama. Akasema Mama bado halali chumbani, analala sebuleni kwenye mkeka, mgongo wake umeegemea mlango. Nikaanza kumweleza habari ya faksi, ya fupi na ndefu na ndogo, maneno yakinitoka haraka kama ya muuzaji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia alishakwenda kwenye lile duka mwenyewe.

Sikuelewa. Akarudia. Ilikuwa wiki iliyopita, baada ya kutoka shuleni. Alimwambia mwenye duka yeye ni mke wa fulani, akaonyeshwa zote tatu, zikiwa tupu. Aliishika ile ndefu, ile nzito ya Kimarekani. Alisema haikumlemea. Alielekeza ukutani, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hicho ndicho kilichomtisha. Aliirudisha kaunta, akamshukuru mwenye duka, akaondoka.

Ameshachukua fomu zake mwenyewe. Amezijaza. Ziko ndani ya kabati la vyombo, hajazipeleka. Hajui kama atazipeleka. Akasema hilo ni lake, ataliamua mwenyewe, nisimsaidie.

Kwenye kioo cha kibanda kulikuwa na matone, nikayafuta kwa kiwiko bila sababu.

Ndipo akauliza. Sauti yake haikupanda.

"Zile siku tatu ulikuwa wapi?"

Nikajifanya sikusikia vizuri. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa darasa la pili. Wakala wa mizigo wa Dar alipiga simu nyumbani Jumapili ile, siku moja kabla ya majambazi, akasema karatasi zimefika na mzigo umeondoka tangu Ijumaa. Kwa hiyo alijua. Alikuwa anajua kabla ya mapanga, na alikuwa anajua walipomfunga mikono, na alijua nilipofika uwanja wa ndege nikimkumbatia na kulia. Miezi yote hii alikuwa anangoja nimwambie.

Ningeweza kudanganya. Nataka hilo liandikwe, kwamba uongo ulikuwepo tayari mdomoni, wa tiketi na wa ndege iliyojaa. Sijui kwa nini nimeumeza. Labda kwa sababu nilikuwa nimechoka, labda kwa ile harufu ya baruti mikononi.

Nilimwambia nilikuwa nimelala. Nilimweleza yote, tambi, televisheni, kuchoka kuitwa. Nilimwambia sikuwa na mtu.

Nilisikia akivuta kiti, akakaa.

"Ningeelewa zaidi kama ungesema mwanamke," akasema.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na mwenye duka la simu aligeuza uso kwa adabu. Rukia alisema kwamba na yeye amechoka, tena kwa miaka, na hajawahi kupata hoteli ya kwenda kulala. Alilisema hilo bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Ningependelea hasira.

Nikamwambia narudi. Sitangoja mashati yaishe kushonwa, nitabadilisha tiketi kesho. Hakusema njoo, hakusema usije. Alisema amebadilisha kufuli zote mbili, ya mbele na ya uani, na ufunguo nilio nao haufungui tena. Sababu ni Mama, asiyelala mpaka asikie vyuma vipya vikijifunga.

"Ukifika, gonga. Useme jina lako, halafu usubiri. Mama atataka kukusikia mara mbili."

Kisha akasema chakula kiko jikoni, akakata.

Nimetembea kutoka duka la simu hadi hapa bila kuona njia. Nimepita kwa Mama Zuhura, chumba cha ghorofa ya chini, nikamwomba kesho anikagulie mashati yangu kule soko la Shahe kabla hayajafungwa, mimi naondoka. Alinipa machungwa mawili ya kula ndani ya ndege, kama vile naondoka usiku huu.

Mwenye duka la silaha nimemwandikia faksi fupi, nitaituma asubuhi. Nimemwambia asinihifadhie yoyote, na kama mwalimu wa Magomeni atarudi dukani kwake, amhudumie kama mteja mwingine yeyote. Nilitaka kuongeza maneno, nikaacha.

Sina hakika nimefanya jambo jema leo au nimeutua tu mzigo wangu juu ya kichwa cha mtu ambaye tayari amebeba mingi. Mtu anayeungama anapata nafuu, lakini anayesikiliza anapata nini? Najua tu kwamba Rukia aliuliza, na safari hii nilikuwepo kujibu.

Nimejaribu kuuona mlango wangu akilini. Bati la kijani, chuma cha kukwangulia matope, taa iliyo juu. Sijawahi kuugonga. Miaka kumi na moja naufungua kwa ufunguo na kuingia na kuuliza chakula.

Nitagonga. Nitasema jina langu mara mbili. Halafu nitasimama pale nje na mabegi yangu, kwa muda wowote watakaotaka wao.